Mota ya Radiani 151

Asubuhi ile nilitoka Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, bila mpango wowote. Shule niliiacha mapema kule Bukavu, Kongo, na tangu hapo miguu yangu haijapenda kukaa. Nilidandia gari la mahindi lililokuwa likienda Lilongwe, nikateremka mtaa wa Area 36 kwa sababu nilisikia mashine ikilia kwa namna ambayo sikuielewa. Niliufuata mlio hadi kwenye karakana ya kusuka mota. Mlangoni alisimama mtu wa kwetu, mwenye koti la bluu na mikono ya grisi. Huyo alikuwa Fundi Mkuu.

"We, iko unaangalia nini?"

"Mkanda unateleza."

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna. Inalia tu."

Alicheka. "Ingia. Leta kwanza ile spana, mdomo utakuja nyuma."

Hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini.

Kazi ilianza na kibao, lile bamba dogo la chuma linalobandikwa ubavuni mwa mota kueleza nguvu na mwendo wake. Watu wa Kongo tulizoea kusema tours kwa dakika. Vibao vya Lilongwe viliandika RPM. Ni kitu kimoja: mizunguko kamili ya ekseli katika dakika moja. Ukijua mwendo wa mota, unajua puli za kuweka, yale magurudumu yanayovaa mkanda. Puli ya mota ikiwa na kipenyo mara mbili ya ile ya mashine, mashine itazunguka mara mbili ya mota. Mwendo ukizidi mno, nyundo zilizo ndani ya mashine ya kusaga zinaweza kuchomoka na kupasua bati. Ukipungua, unga unatoka chenga.

Nilihamishiwa Area 23 kwenye mashine za mbao, nikarudishwa, nikahamishwa tena. Sikulalamika. Kila mahali palikuwa na kitu kinachozunguka.

Kisha Fundi Mkuu akanichukua tukafunge mota Dzaleka. Akina mama wa kwaya walikuwa na chigayo chao, mashine ya kusagia mahindi, na mota yake ilikuwa imeungua. Tangu iungue, walibeba mahindi kichwani hadi vijiji vya mbali. Muuzaji aliwaletea mota nyingine, ya mitumba, isiyo na kibao, ikiwa na karatasi tu. Gari lake lilikuwa linaondoka saa sita mchana. Baada ya hapo harudishiwi kitu. Na umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo hatukuweza kuijaribu.

Fundi Mkuu alisoma karatasi: 151 rad/s. Uso wake ukabadilika.

"Mizunguko mia na hamsini na moja kwa sekunde! Ile ya zamani ilikuwa elfu moja mia nne arobaini kwa dakika. Hii inapita elfu tisa. Itaua batu. Murudishe."

Mama Neema, kiongozi wa kwaya, alikaa juu ya gunia lake. "Turudishe, halafu tukule nini, papa? Tuimbe tu?"

Mimi niliitazama mota. Ilikuwa na umbo la ile iliyoungua, hata uzito. Na neno rad halikuwa tours. Nilikimbia hadi shuleni, nikamtoa darasani Mwalimu Goreti, Mrundi anayefundisha fizikia.

"Mwalimu, rad kwa sekunde ni nini? Haraka, gari linaondoka!"

Hakuniuliza gari gani. Alikuja nami hadi penye chigayo, akaomba beseni la Mama Neema na uzi. Alikata uzi urefu wa kutoka katikati ya beseni hadi ukingoni, akaulaza juu ya ukingo.

"Rad ni radiani. Kipande hiki cha ukingo, ukikitazama kutoka katikati, njo radiani moja. Sasa zungusha uzi ukingo wote."

Uzi uliingia mara sita, ikabaki nafasi kidogo.

"Sita nukta mbili nane," alisema. "Huo njo mzunguko mmoja."

Fundi Mkuu alikuwa ameshainama juu yetu. "Basi tugawe," alisema, akachukua chaki akaandika kwenye bati. Mia moja hamsini na moja kugawanya kwa sita nukta mbili nane: mizunguko ishirini na nne kwa sekunde, na chembe. Mara sitini, kwa kuwa dakika ina sekunde sitini: elfu moja mia nne arobaini na kidogo.

"Ni ileile!" Fundi Mkuu alipiga bati kwa kiganja. "Puli zilezile! Dereva, uende zako!"

Umeme ulirudi alasiri. Mama Neema alimwaga mahindi ya kwanza, na unga ukatoka laini, wa moto, ukanipaka uso mweupe kama bwana harusi aliyemwagiwa poda. Vigelegele vilizidi mlio wa mashine, na Fundi Mkuu akacheza.

Ninyi mnaoshika spana leo, ulizeni kipimo kabla ya kuiogopa namba. Mimi nilistaafu mikono ilipoanza kutetemeka. Miguu haikustaafu. Juzi asubuhi nilitoka tena bila mpango, na jua lilipokuwa linashuka nikajikuta Chinsapo, mtaa mwingine wa Lilongwe, mbele ya mama mmoja wa kwetu anayepangisha vyumba.

"Chumba kiko, papa," alisema, "lakini nyuma iko chigayo. Inapiga kelele sana."

"Inazunguka mara ngapi kwa dakika?"

"Mi najua? Bapangaji bote banaulizaka choo tu!"

Nilitua mfuko wangu sakafuni. "Nipe ufunguo, mama."