Posa ya Makaburini

Mimi ni mtu wa Tanga, na sisi watu wa Tanga tuna ugonjwa mmoja: tunaamini mapenzi yalizaliwa kwetu na mataifa mengine yote yamekuja kuazima. Somo wangu alinifunza kukaa, kuinuka, kunukia, na kununa bila kupaza sauti. Kwa hiyo nilipofika Durban mwishoni mwa miaka ya tisini, nikapata kazi ya kupika na kumtunza bibi mmoja wa Ireland kule Morningside, nilijua nina mengi ya kujifunza katika nchi ile, lakini si upande huo.

Bibi huyo alikuwa muuguzi mstaafu, ameshapita sabini, na hajawahi kuolewa. Siku ya kwanza nilimkosea mara mbili. Kwanza nilimwita Madam, akanitazama kana kwamba nimemwagia maji ya vyombo. Kisha, katika kutafuta kumridhisha, nikasema nimefurahi sana kufanya kazi kwa Mwingereza. Hapo nikagundua kwamba kumbe lile la Madam lilikuwa dogo.

"Niite mama, niite bibi, niite hata paka," alisema. "Lakini Mwingereza, hapana."

Nikamwita Mama, tukaelewana.

Kila Jumapili baada ya misa alikuja mzee mmoja kutoka Bluff, ng'ambo ya bandari. Naye alikuwa wa Ireland. Alifanya kazi ya mitambo kwenye vile vyombo vidogo vinavyovuta meli kubwa kuziingiza bandarini, mpaka alipostaafu. Mrefu, masikio mekundu, tai imekazwa hadi unamwonea huruma. Mlangoni ananikabidhi samaki aliyemvua mwenyewe, amemfunga kwa gazeti, kisha anaingia sebuleni na kukaa kiti kilekile kinachotazama dirisha.

"Kuna joto," anasema.

"Kuna joto kweli," anajibu Mama.

Kimya. Nje ndege aina ya kwarara wanapiga kelele kama wamefumaniwa. Napeleka chai na keki.

"Jana lilikuwa afadhali," anasema mzee.

"Jana lilikuwa afadhali," anakubali Mama.

Kimya kingine, kirefu hata naweza kumpara samaki mzima magamba na kumwosha. Mwisho mzee anainuka, anachukua kofia yake, anasema, "Basi." Mama anajibu, "Basi." Anaondoka mpaka Jumapili nyingine.

Mimi nilidhani ni ndugu waliogombana juu ya urithi. Siku moja nikamuuliza Mama.

"Ndugu?" akashangaa. "Huyo ananichumbia."

"Tangu lini?"

Akafikiri. "Wewe ulikuwa hujaota meno."

Nilikwenda moja kwa moja kwenye ukuta wa uani kumsimulia rafiki yangu, Mrundi aliyekuwa akilea watoto nyumba ya jirani. Alikuwa mlokole wa kweli, lakini umbea aliuweka katika fungu la ushirika wa waumini.

"Eish!" alisema. "Muzee iko nakuja kila dimanche na samaki, na hasemi kitu? Kwetu babangu angemuuliza, wewe ni mchumba ao ni muuza samaki?"

Nilipomrudia Mama na swali hilo, nikilipunguza makali, alinieleza bila haya yoyote. Kwao, sehemu za mashambani, mwanamume haoi mpaka mama yake afe. Jiko moja halina nafasi ya wanawake wawili. Mtoto wa kiume hukaa na mama, hulima, hunyamaza, hungoja. Wengine huoa wakiwa na mvi, na kijiji chote bado huwaita vijana.

"Na mama yake huyu mzee yuko wapi?"

"Yuko Ireland. Ana karibu miaka mia."

"Mama, Ireland na Bluff ni mbali."

"Jiko ni jiko," alijibu, kama mtu anayesoma aya.

Usoni nilikuwa na adabu, lakini moyoni nilicheka hadi mbavu zikaniuma. Kwetu mtu akikupenda anatuma mshenga na barua ya posa. Mahari yakikubaliwa, mwaka haupiti. Hapa mwanamume mzima amevuka bahari mbili na bado anaogopa sufuria za mama yake.

Ikaja Jumanne moja, katikati ya mchana. Nasikia kengele ya getini, natazama, ni mzee. Siku siyo yake! Amevaa suti nyeusi, hana samaki, na masikio leo si mekundu bali meupe kama unga wa ngano. Nikamkaribisha. Mama akatoka chumbani na soksi moja.

"Mama yangu amefariki," mzee akasema.

"Mungu amrehemu," Mama akajibu, akaketi polepole.

Nikakimbilia jikoni kuweka chai, maana msiba hauzungumziki bila chai. Niliporudi na sinia nilimkuta mzee amesimama katikati ya zulia, kofia mkononi, anaizungusha kama usukani. Akakohoa. Akasema, tena kwa sauti kubwa kuliko zote nilizowahi kumsikia nazo:

"Je, ungependa kuzikwa pamoja na watu wetu?"

Niliachia sinia mezani kwa kishindo. Nyie! Mtu ametoka kufiwa, hajamaliza hata kulia, anaanza kumpangia mwenzake kaburi! Kwetu maneno kama hayo ukiyasikia unatema mate chini na kumwita shehe.

"Mzee," nikamwambia, "pole kwa msiba, lakini nyumba hii hatuapizani. Tafadhali toka nje."

Hakunisikia hata kidogo. Alikuwa anamtazama Mama. Nami nikageuka kumtazama Mama, nikitegemea kumkuta amezimia. Mashavu yake yalikuwa yamepata rangi ya waridi, na mkono wake ulikuwa umepanda wenyewe kutengeneza nywele.

"Kaa chini, mwanangu," aliniambia mimi. "Ameniposa."

Ndivyo walivyoposana wazee wao, nikaja kuelezwa. Mwanamume wa kule hawezi kusema nakupenda. Ulimi wake haukutengenezwa kwa kazi hiyo. Anauliza kaburi. Mwanamke akikubali kulala na marehemu wao, maana yake amekubali na walio hai.

"Kuzikwa na watu wenu," Mama alimwambia yule mzee baada ya kuwaza, "yaani na mama yako?"

"Mama atakuwemo, ndiyo."

"Nimemkwepa akiwa hai. Sitalala naye akiwa amekufa. Nitalifikiria hilo jambo. Na kwanza, watu wangu lazima waje kutazama mali."

Watu wake wote walikuwa wamekufa au wako ng'ambo. Kwa hiyo watu wake nikawa mimi.

Hiyo nayo ilikuwa mila. Zamani kwao wajomba wa binti walikwenda kwa mwanamume kukanyaga shamba lake, kuhesabu ng'ombe, kuchungulia ghalani, ndipo wanywe na kukubaliana. Nilifurahi sana. Hatimaye Waireland walikuwa wamesema jambo ambalo hata shangazi yangu angelielewa. Nikamchukua rafiki yangu Mrundi awe shahidi, nikajitanda mtandio mzuri, tukapanda teksi hadi Bluff kama ujumbe wa serikali.

Nyumba ya mzee ilikuwa ndogo, bati lake limeliwa na chumvi ya bahari, lakini ndani, subhanallah! Mapazia ya maua. Makochi ya velveti. Friji kubwa, jeupe, linanguruma kama simba ameshiba. Mzee alitutembeza akiwa amefunga mikono nyuma. "Hiki ni kitanda," anasema. "Hili ni kabati." Rafiki yangu alikuwa anagusa kila kitu kwa kidole na kuguna kwa heshima.

"Frigo ya namna hii iko kwa wakubwa tu," aliniambia kwa Kiswahili, mzee asielewe. "Mwambie Mama akubali leo."

Tumeketi kunywa chai, mlango wa nyuma ukafunguliwa. Akaingia mama mmoja wa Kihindi, jirani, amevaa kandambili na mkono umeshika jagi. Akatusalimia vizuri, akafungua lile friji, akamimina maziwa, akachukua na bakuli lake la dengu.

"Utanirudishia saa ngapi?" akamuuliza mzee. "Watoto wanataka barafu. Na mume wangu anauliza makochi."

Masikio ya mzee yalirudia wekundu wake wote. Rafiki yangu alijifunika uso kwa leso, mabega yanatikisika. Mimi nilitazama chai yangu na kuomba Mungu anipe nguvu ya kutocheka mbele ya mfiwa. Mzee hakutafuta uongo wa pili. Alisema tu, "Mapazia pia si yangu. Kitanda ni changu."

"Tumekiona," nikamwambia. "Ni kizuri."

Njia nzima kurudi nilikuwa natunga namna ya kumweleza Mama kwamba mchumba wake ni tapeli wa samani. Nilimweleza jikoni, nikitaja jagi, dengu na yote. Akaanza kucheka. Alicheka hadi akashika meza, kisha kicheko kikageuka, akafuta macho kwa aproni yangu.

"Baba yangu aliazima ng'ombe wa kijiji kizima siku wajomba wa mama walipokuja," alisema. "Wajomba wakasifu, wakanywa, wakakubali. Jioni ng'ombe wakajipanga barabarani, kila mmoja akarudi kwao mwenyewe. Wajomba wanatazama tu." Akavuta pumzi. "Walikuwa mtu na mkewe hadi kifo. Mwambie mzee nimekubali."

Likabaki suala la kaburi, nalo nilikwenda na kurudi kama mshenga wa kweli, nikibeba maneno badala ya barua. Mzee alitaka Ireland, kwa watu wake. Mama akasema watu wake nao wako kule, kaunti nyingine, na hawajawahi kusalimiana na watu wa mzee. Mwishowe nilichoka nikawaambia: waacheni marehemu wa Ireland walale kwao, nyinyi fungueni ukoo hapa Durban, muwe wa kwanza. Wakatazamana kana kwamba nimevumbua moto. Wakakubali.

Harusi ilipangwa mwezi wa Novemba, na Novemba ya Durban ni mvua. Adhuhuri, siku moja kabla ya harusi, Mama alinipa sanamu ndogo ya Mtoto Yesu mwenye taji, akanituma nikaiweke bustanini chini ya kichaka cha maua.

"Ya nini, Mama?"

"Ili mvua isinyeshe. Kwetu kila bibi harusi anaiweka."

Mimi Mwislamu, naweka sanamu chini ya kichaka ili mvua isinyeshe harusi ya Wakatoliki! Niliomba msamaha kwa kila anayehusika, nikaiweka. Sijafika mlangoni, tumbili akashuka ukutani, akaitwaa kwa mikono miwili, akapanda nayo juu ya mti, akaionja. Haikumpendeza. Akaiachia. Nilipofika chini ya mti nilikuta mwili huku na kichwa kule.

Nilimpelekea vipande viganjani. Mama akakichukua kichwa, akakibusu, akafurahi mno. "Vizuri sana! Ikikatika kichwa ndiyo inafanya kazi zaidi."

Kesho yake mvua ilinyesha kama imelipwa. Tulivuka kutoka kwenye gari hadi kanisani chini ya turubai la bustani. Mama alitazama mbingu, akaniambia, "Yule tumbili lazima ni Mwingereza."

Kabla ya hapo, nilipokuwa namvalisha gauni lake la buluu, maana kwao hiyo ndiyo rangi ya zamani ya bibi harusi, nilimuuliza kile kilichonikera tangu mwanzo. Ilikuwaje mwanamke mwenye akili zake akangoja miaka yote ile?

Hakukasirika. Alikuwa anajitazama kwenye kioo, anatafuta hereni.

"Kila Jumapili mwanamume alifunga tai kwa ajili yangu," alisema. "Nitajie mwanamke mmoja aliyeolewa zamani ambaye bado anafungiwa tai."

Nilifikiria shangazi zangu wote, somo wangu, mama yangu. Nikakosa jina. Nikamfunga vifungo vya mgongoni taratibu, mtu wa Tanga nikifundwa upya.

Kanisani nilikaa nyuma, rafiki yangu Mrundi mbele akiimba kuliko kwaya. Mzee alipoulizwa kama anakubali, alisema "Nakubali" kabla padri hajamaliza kuuliza, ikabidi arudie.

Mama alihamia Bluff kwa mumewe, mimi nikapata kazi kiwanda cha nguo huko Pinetown. Siku za mapumziko niliwatembelea. Na hapo ndipo nilipoona kituko kingine: mzee alikuwa anaongea. Anaongea kuhusu injini, kuhusu upepo, kuhusu mbuzi aliyekuwa naye utotoni. Anaongea akiwa bafuni, anaongea huku ana mswaki mdomoni.

"Nilidhani ana hekima," Mama alininong'oneza huku akimenya viazi. "Kumbe alikuwa anaweka akiba."

Usiku alikoroma vilevile bila kupumzika, kwa hiyo Mama alihamia chumba cha pili na kufunga mlango. Siku niliyolala kwao niliamshwa asubuhi na hatua za viatu ukumbini. Nilichungulia. Mzee alikuwa amesimama mbele ya mlango wa mkewe, nywele amezilaza kwa maji, kikombe cha chai mkononi. Akagonga mara moja, kwa adabu.

"Nani?" Mama akauliza, kana kwamba nyumba ina wanaume kumi.

"Ni mimi."

"Subiri kidogo, sijachana nywele."

Akasubiri, chai inapoa.