Changu wa Bi Khadija

Luqmani wa Pongwe alifundisha kompyuta miaka mingi katika sekondari ya Moa, na kompyuta yenyewe ilikuwa moja, mbovu, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama mwari. Watoto walijifunza kupiga herufi juu ya mbao alizozichorea kibodi kwa rangi ya mafuta. Cheka utakavyo; vidole vyao vilijua njia.

Somo la kupanga data ndilo lililomtoa jasho, mpaka alipomwona Bi Khadija, muuza samaki wa Moa, akitengeneza mafungu. Anashika changu wawili, mkubwa anakwenda kulia. Anashika wawili wengine, hivyo hivyo, mpaka meza ikakaa sawa.

"Shikamoo, Bi Khadija. Unavyofanya ndivyo kompyuta inavyopanga."

"Marahaba. Basi nami niitwe mwalimu. Wee nunua, unanizibia wateja!"

Alirudi akaandika kitabu kwa Kiswahili. Alitaka jambo moja tu: mtoto wa Moa akisome peke yake, aelewe. Akamwahidi bibi, "Utaingia humu na samaki wako."

Mchapishaji akashika pua. "Sekondari ni Kiingereza, Mwalimu. Na samaki hawa wananuka. Weka matufaha."

Luqmani aligoma. Lakini wenzake, ambao hata kuiwasha kompyuta roho huwa mkononi, wakatoa vitabu, wakaitwa mabingwa. Uchu ukamshika. Akatafsiri kwa Kiingereza, samaki akawamwaga.

Kitabu kilipotoka, kikasomewa dua nyumbani kwake, kwa halua na kahawa. Bi Khadija akaja kwa bodaboda, kavaa buibui jipya. "Jamani, leo nasomwa mimi!" Akamsukuma mjukuu wake Nasra, anayesoma kwa Luqmani. "Haya, nisome."

Nasra akasoma, akajikwaa, akashusha kitabu. "Bibi, kuna mtu anapanga matufaha. Mengine sielewi."

"Matufaha? Tangu lini mie nikauza matufaha?"

"Walisema, Bi Khadija..." Luqmani akaanza.

"Sikukuuliza wao. Mwanafunzi wako mwenyewe haelewi. Kitabu hiki umemwandikia nani?"

Halua yake akaiacha sahanini, akaondoka.

Jumatatu darasa zima lilikitumbulia kitabu macho. Luqmani akawaambia wakifunge, akachora changu wawili ubaoni. Hajamaliza mkia wa changu wa pili, mwalimu mkuu akachungulia mlangoni.

"Vipi tena samaki, Mwalimu? Fuata kitabu. Si wewe uliyekiandika?"

Luqmani akashika kifutio.