Gia Boksi Haina Kosa

Gari langu la otomatiki lilikuwa likishtuka kila likibadili gia kwenye mlima wa Moshono. Nikaenda gereji ya Elerai, nimejiandaa kununua gia boksi. Fundi, mama wa makamo, akafungua boneti, akagusa bomba la hewa.

"Nani kaweka hili pana?"

Nikanyoosha kidole kama mwanafunzi. Nilitaka gari livute zaidi.

"Humu sensa inapima hewa vibaya, inaidanganya kompyuta, gia zinaingia hovyo. Gia boksi ni nzima. Bomba la zamani liko wapi?"

"Nililitupa."

Kufungua buti la gari kutoa spana, tukalikuta limefungwa kwenye khanga ya mke wangu. Fundi akalirudisha, gari likapanda mlima bila kushtuka.

"Asante sana, mama."

"Mshukuru mkeo. Anakujua kuliko ninavyolijua gari lako."