Moshi wa Lounapik

Kila mwaka, viazi vikuu vipya vikiwa tayari kuchimbwa, sisi wa Imarek huku bondeni tulikuwa tukiamka na kutazama mgongo wa kilima cha Lounapik. Moshi ukionekana, tulijua Lea Nawia amekwisha fika. Alioka kiazi kimoja, akakaa nacho mpaka kikapoa, kisha akashuka peke yake kabla jua halijawa kali. Watoto waliuita moshi wa bibi Lea, kwa sababu kwa miaka mingi Lounapik haikuwa na moshi mwingine wala mtu mwingine.

Zamani zaidi haikuwa hivyo. Bibi yangu alisimuliwa na bibi yake kwamba moshi wa asubuhi kule juu ulikuwa unafunika kilima kama ukungu, kwa wingi wa majiko. Kisha zikaja meli, na meli zikaja na surua na kikohozi, watu wakafa mpaka walio hai wakachoka kuzika. Wengine vijana walichukuliwa kwenda kukata miwa nchi za mbali. Lea alipozaliwa, Lounapik ilikuwa na nyumba moja tu, ya baba yake, na watoto wawili ndani: yeye na kaka yake Iolu.

Huku kisiwani kwetu Tanna mtu hapewi jina kwa sababu linapendeza masikioni. Jina lina mahali pake. Ukiitwa jina fulani, kuna kiwanja chako, kuna shamba lako, na kuna pa kuzikwa. Mtu akifa, jina linangoja mtoto. Hata akitoka ukoo mwingine, akishapewa jina lile ni mtu wa pale, na hakuna wa kumuuliza kitu. Lakini jina likikosa mtu, msitu unaingia mpaka mlangoni. Majina ya Lounapik yalikuwa mengi, yakaenda yakipotea. Likabaki moja la kiume, hilo la Iolu.

Naye Iolu akaondoka. Ilikuwa wakati ule Noumea, mji wa ng'ambo ya bahari, walipokuwa wanataka wanaume wa kuchimba madini ya nikeli, na vijana wetu walikuwa wakishuka bandari ya Lenakel kungojea meli kama watu wanaokwenda harusini. Lea alikuwa bado msichana. Alimsindikiza mpaka ufukweni, na pale kaka yake akampa kikapu cha mbegu za kiazi chake, kile kirefu chenye nyama ya zambarau ambacho hakuna mwingine aliyekuwa nacho.

"Nitunzie," alimwambia. "Nikirudi nikikute."

"Utarudi lini?"

"Kabla hujazeeka, mnung'unikaji wewe. Nikija utanijua kwa viatu."

Wenzake walirudi. Mmoja alirudi na baiskeli, mwingine na mke. Sivi, aliyerudi mwisho, ndiye alimwambia Lea kwamba Iolu alihamia machimbo ya kaskazini, kisha akasikika yuko hospitali, kisha hakusikika tena.

"Kaburi umeliona?" Lea akamuuliza.

"Kaburi sikuliona."

"Basi hukuona kitu."

Sivi akaaga, akaenda zake.

Lea aliolewa hapa kwetu Imarek na Naling, mtu mpole, Mungu ampumzishe. Walijaliwa mabinti watupu, na mabinti wote wameolewa ng'ambo ya kisiwa. Akabaki na kuku wake, na kanisa, na mbegu ya kaka yake, ambayo hakuacha kuipanda hata mwaka ule mlima wa moto uliporusha majivu mpaka majani yote yakaungua. Katika ibada yetu ya wanawake, zamu yake ya kuomba ikifika, aliwaombea walio safarini. Hakutaja jina, wala hatukumuuliza.

Wazee walikuja kwake mara nyingi. Kila alipozaliwa mtoto wa kiume ambaye hakupata jina lenye ardhi, mzee Nakou, ambaye ndiye msemaji wa kiwanja chetu cha mikutano, alimwendea na kumwomba jina la Iolu. Wanaume wangeweza kulichukua bila kumuuliza, lakini yeye ndiye damu iliyobaki, wakaona haya.

"Mwenyewe yuko safarini," Lea alikuwa akijibu.

"Safari gani hiyo, Lea? Hata kasa angekuwa amekwisha fika, ametaga, amekwenda na kurudi tena!"

"Kasa hana kazi. Iolu ana kazi."

Nakou akacheka mpaka akakohoa, akaenda zake. Baadaye wakachoka kumwomba. Likawa jambo la kawaida tu, kama jiwe lililoko njiani ambalo watu wanalizunguka bila kulitazama.

Kisha serikali ikaleta watu wa kuhesabu wakazi. Kwetu alikuja dada mmoja kutoka Vila, mji mkuu, mpole, viatu vimejaa tope. Alianza nyumba ya Rona, jirani yangu. Rona alikuwa na wavulana watano na tumbo la sita, na katika nyumba hiyohiyo wanakaa na shemeji zake na watoto wao.

"Hawa wote wanalala humu?" yule dada akauliza.

"Wanalala, ndiyo. Ila uwahesabu wakiwa nje wamesimama, mwanangu, ndani hawaenei. Na huyo mwenye makamasi umeshamhesabu, anakuzunguka kwa nyuma."

Tukacheka sote, na yule dada pia akacheka. Alipofika kwa Lea, Lea akamwambia kwamba nyumba yake ya Imarek ni yeye peke yake, na Lounapik kuna mmoja.

"Huyo jana alilala kule?"

"Hakulala."

"Yuko wapi, mama?"

"Noumea."

"Tangu lini?"

Lea akamwambia. Yule dada akainamisha kichwa. Hakutaka kumuumiza, nililiona hilo kwa macho yangu. Akasema taratibu, "Mama, mimi naandika waliolala tu. Kule hakuna mtu."

Lea alimpa ndizi mbivu za kula njiani na kumshukuru. Alipokwenda, akabaki ameshika mlango. "Umesikia?" akaniambia. "Kwa Rona hawaenei. Kwetu hakuna mtu."

Wakati wa mvua Rona akajifungua, mvulana tena. Nilikwenda na Lea kumtazama, tumebeba laplap ya magimbi na tui, bado ya moto ndani ya majani yake. Rona alikuwa ameketi mkekani ananyonyesha, na pembeni vyungu vyake vimefungwa kamba.

"Vyungu vinakwenda wapi?" Lea akauliza.

"Vila, bibi. Mtoto akikaza shingo tu, tunaondoka. Baba yao, Nalau, amepata kazi ya kubeba saruji."

"Vila kuna nini?"

"Hakuna kitu! Binamu yake anakaa kibanda cha bati, choo wanachangia na mtaa mzima, ndizi unanunua kwa fedha, kwa vatu. Ndizi, bibi! Lakini hapa tutakula nini? Shamba la babu yao wamegawana ndugu wanne, halipumziki hata msimu mmoja. Viazi vinatoka kama vidole."

Lea akamchukua mtoto, akamweka mapajani. "Na huyu anaitwa nani?"

"Filipo tu, la kanisani. Majina yetu yenye ardhi yamekwisha, yule wa tano ndiye alichukua la mwisho. Huyu atakuwa mtu wa Vila."

Alisema hivyo bila uchungu, huku anapokea laplap na kusifia tui. Hakumwangalia Lea kwa jicho la kuomba. Nadhani hata hakukumbuka.

Jioni ile Lea alikuja jikoni kwangu. Nilikuwa nakuna nazi. Akaketi kwenye gogo, akasema, "Hakuniomba."

"Nani?"

"Rona. Jina liko kwangu, na hakuniomba. Wameshazoea kwamba Lounapik ni kwangu na kwa kuku pori."

Nikaendelea kukuna nazi.

"Dada, mimi nikilitoa lile jina, nimemzika. Sasa hivi, kama mtu anakuja njiani jioni na simjui vizuri kwa mbali, moyo unaniruka. Kila siku unaniruka. Nikilitoa hautaruka tena. Nitabaki na nini?"

Nikamsogelea, nikamshika mikono, tukaomba. Aliomba yeye. Mara hii alimtaja kwa jina lake. Alisema, "Bwana, Iolu ndugu yangu," kisha akashindwa kuendelea, nami nikasema amina.

Asubuhi kulikuwa na moshi Lounapik, na haukuwa msimu wa viazi. Watu wakatoka nje wanaulizana. Nalau, mume wa Rona, akachukua panga kwenda kuangalia, akidhani moto umeshika msitu, lakini nikamzuia. "Mwache," nikamwambia. "Yupo na mtu wake."

Moshi ulikaa mpaka mchana ukapita. Aliposhuka, nguo imejaa majivu na vijiti nyweleni, hakupita kwake wala kwangu. Alikwenda moja kwa moja kwa mzee Nakou, aliyekuwa anasuka kamba ya nguruwe mlangoni pake.

"Nimemwita," akamwambia. "Nimesimama pale penye mlango wa baba nikamwita kwa sauti. Nikasema, Iolu, kama una miguu njoo leo, kuna mtoto anangoja nje. Nikangoja mpaka kuni zikaisha."

Nakou akaweka kamba chini. Safari hii hakutania.

"Lichukue jina," Lea akasema. "Mpe mtoto wa Rona. Ila wasiende Vila nalo. Hilo ndilo sharti langu, wakae palepale na moto uwake kila siku."

Nalau alipoambiwa, alikaa chini kwenye tope kama mtu aliyekatwa miguu. Rona akaanza kufungua kamba za vyungu hata kabla mumewe hajasimama.

Siku ya kutoa jina tulipanda wote Lounapik. Nalau na ndugu zake walikuwa wamefyeka kiwanja, wakaleta nguruwe, mizizi ya kava ya kutengeneza kinywaji cha wanaume, na mikeka ya wanawake. Nakou akamwinua mtoto, akalitamka jina mbele ya watu, akaitaja mipaka ya shamba kwa miti na mawe yake, na watu wakaitikia. Kisha wanaume wakaenda kwenye kava yao, nasi wanawake tukageuka, maana kwa mila hatutakiwi kutazama.

Wakampa Lea mtoto. Nilisimama karibu naye. Kwa desturi yetu mtoto akichukua jina amechukua na watu wake: aliyekuwa dada wa mwenye jina ni dada yake huyu. Lea alimtazama usoni muda mrefu. Kisha akasema polepole, kama mtu anayemgombeza mtu mzima, "Umekawia, kaka."

Wanawake walikuwa wanalia, na mimi nikiwamo. Ni Rona aliyetutoa pale, machozi yanamtoka na kicheko kinamtoka pamoja.

"Haya," akasema. "Kama huyu ni kaka yako, basi mimi ni nani yako? Si mama yako? Mbona hunisalimii?"

Lea akageuka. Kwa umri wake angeweza kumzaa Rona mara mbili.

"Shikamoo mama," akasema.

"Marahaba mwanangu. Na hizi nepi za kaka yako, nani afue?"

Lea akacheka kama sijapata kumsikia anacheka, na nepi akazifua kweli, siku ileile, kwenye chemchemi ya Lounapik ambayo maji yake yalikuwa yanapotea bure kwa miaka yote ile.

Sasa Rona na Nalau wana nyumba kule juu, na mdogo wake Nalau amejenga yake upande wa chini. Moshi unatoka asubuhi na jioni, na watoto wa huku bondeni hawautazami tena, umekuwa moshi tu kama wa watu wengine. Mbegu ya kiazi kile kirefu Lea amemkabidhi Nalau, wameipanda shamba zima. Yeye amebaki Imarek, kwa sababu ya kaburi la Naling, lakini viazi vikiwa tayari anapanda kama zamani.

Mwaka huu nilipanda naye. Iolu ni mkubwa sasa, anakimbia, ana mdomo mwingi. Lea akaoka kiazi, akakimenya, akakipuliza, akampa kipande cha kwanza, maana ni cha mwenye jina.

"Sitaki," mtoto akasema. "Nataka biskuti."

"Noumea wamekuharibu wewe," Lea akamwambia, na Rona akacheka mpaka akaegemea mlango.

Tukala. Pale nyumba ilipo, njia ya kutoka baharini inaonekana yote, mpaka inapoingia minazini. Mtu mmoja alikuwa anapanda kutoka huko na mzigo begani, kwa mbali hajulikani ni nani. Nikamwona Lea ameacha kutafuna. Alikaa hivyo mpaka yule mtu akageuka kushika njia ya kanisani.

"Unamwangalia nani?" mtoto akamuuliza.

"Namwangalia kaka yangu."

"Si mimi?"

"Ndiyo wewe," Lea akasema, akamvuta karibu. "Kula kiazi chako."