Mikono Mikavu ya Shangazi

"Shangazi, mbona hujipaki mafuta? Mikono yako kama magamba!"

Mpwa wake alikuwa bado mdogo alipouliza hivyo. Shangazi alicheka tu, akamwambia akale. Lakini bibi, mama yake shangazi, alidakia kutoka kitandani, alikolala miguu ikiwa imeishiwa nguvu: "Muulize vizuri. Huyu ameolewa na kioo."

Si uongo sana. Shangazi alikuwa fundi wa vioo katika maabara inayosikiliza anga. Nyota mbili zikigongana huko mbali, anga lenyewe hutikisika kidogo mno, na mtikisiko huo hupimwa kwa mwanga wa leza unaokwenda na kurudi kati ya vioo vizito. Mwanga huo ni mkali ajabu! Chembe ya mafuta ikitua juu ya kioo, huungua palepale, kioo kikavimba kwa joto, na kazi ya miaka ikaenda na maji. Kwa hiyo aliyeshika mafuta kwa mikono mitupu, hata akinawa, haingii kesho yake.

Sasa kioo kikubwa kuliko vyote kilikuwa kimefika, na shangazi ndiye aliyechaguliwa kubandua utando unaolinda uso wake. Alikuwa ameisubiri siku hiyo tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

Jioni ya kuamkia siku yenyewe, bibi aliomba kukandwa mgongo. Shangazi akavaa glavu, akachukua chupa ya mafuta.

"Hizo tena?" bibi akasema, uso ukutani. "Nesi ananishika na mpira. Daktari na mpira. Na wewe? Au nanuka?"

"Mama, kesho nina kioo."

"Haya. Kisalimie."

Shangazi aliiweka chupa chini. Kisha akavua glavu. Akamkanda mama yake mabega, mbavu, mpaka nyayo, hadi usingizi ukamchukua.

Asubuhi akampigia simu mkuu wake. "Nimeshika mafuta. Siingii."

"Leo? Acha utani!"

"Mpe mwenzangu."

Mwenzake aliubandua utando, kioo kikang'aa bila doa. Picha ya siku ile bado iko ukutani pale maabara, shangazi hayumo. Bibi hakuumaliza mwezi.

Juzi, shangazi akiwa amestaafu na mikono ikiwa mikavu vilevile, mpwa wake, ambaye sasa yuko sekondari, alirudia swali lake: hivi hajawahi hata siku moja kushika mafuta?

Shangazi aliitazama mikono yake.

"Mara moja, mwanangu. Mgongo wa bibi yako uliyanywa yote."