Nilivyoanika Gari la Fatuma

Shule niliishia darasa la pili. Ninachokijua ni korosho, na aibu yangu imetokea huko huko.

Mjukuu wangu Fatuma alikuwa anauza gari lake la umeme ili afungue mashine ya kusaga hapa Nandagala. Mnunuzi, Mzee Chilumba wa Nachingwea, alisema atakuja na kifaa cha kupima betri, majibu anayasoma kwenye simu. Nikaogopa. Ghalani tunakouzia korosho nimewaona waliorudishwa na kipimo cha unyevu: Somoe Nampanda, Bakari Mkwinda, marehemu Athumani wa Marambo, aliyelia mbele za watu juu ya magunia yake. Sikutaka Fatuma naye arudishwe.

Basi alipokwenda sokoni nikaondoa turubai lililofunika gari, nikafungua milango yote, jua likapiga ndani. Saa nane nikafunga, nikafunika kama nilivyokuta.

Mzee Chilumba alipofika akachomeka kifaa chini ya usukani, akatazama simu, akaguna. "Binti, betri ina joto mno. Hata sijui niamini nini hapa."

"Lakini limefunikwa tangu jana, baba!" Fatuma alikaribia kulia.

Mimi nikatazama kuku.

Mzee akainama kuchomoa kifaa, akaibuka na korosho tatu. "Na hizi?"

"Bibi?" Fatuma akanigeukia.

Ikabidi niseme. Niliziweka mle ziwe kipimo changu: zikikauka, na betri imekauka.

Mzee Chilumba akaitikisa moja sikioni, ikalia kwa ukavu.

"Korosho zako zimepita kipimo, Bibi," akasema. "Betri nitaipima ikipoa."