Syombua na Ndege wa Kwanza

Je, msomaji, ukiambiwa uwaangalie ndege wa angani, utawaangalia ukiwa umeshika nini mkononi?

Syombua Ndeti ameshika kombeo. Ni saa kumi na moja alfajiri, umande bado uko kwenye majani, na yeye yuko juu ya ulingo wake nje kidogo ya mji wa Tseikuru, leso kiunoni, kitambaa kichwani, macho kaskazini. Ulingo wenyewe ni miti minne iliyochimbiwa ardhini, na juu yake sakafu ya fito zilizofungwa kwa magome. Mtu mrefu akisimama chini yake hagusi kitu. Kutoka hapo kamba za katani zimenyooshwa hadi kila pembe ya shamba, na kwenye kila kamba inaning'inia mikebe mitupu ya mafuta ya kupikia yenye kokoto ndani.

Chini yake mtama umetia maziwa. Ukibinya punje, inatoa utomvu mweupe. Hizi ndizo siku ambazo kwelea-kwelea, wale ndege wadogo wala nafaka, huzipenda kuliko zote.

"Mtama ukikauka, ndege anachoka mdomo," anasema bila kugeuza kichwa. "Sasa hivi ni uji. Nani anakataa uji?"

Hii ni Februari, mwaka wa 1985. Mwaka uliopita mvua ilikataa, na watu wa hapa walikula mahindi ya manjano ya msaada, wakipanga foleni tangu gizani. Huu ndio mtama wa kwanza tangu njaa ile. Syombua, mjane wa miaka hamsini na minane, analinda ekari yake moja pamoja na mashamba matatu ya majirani yanayopakana nayo. Malipo yake ni debe moja la mtama kutoka kila shamba siku ya kupura. Ndege wakila, hakuna debe, na hakuna cha kupura.

Ng'ambo ya kijito kikavu kuna ulingo mwingine. Huko yuko Mumbua, jirani yake, mwanamke kijana mwenye sauti ya kengele.

"Mwaitu!" anapaza sauti. Hivyo ndivyo Wakamba humwita mama aliye mtu mzima, kwa heshima. "Umelala?"

"Nikilala utanisikia nikikoroma!"

"Nimesikia! Nikadhani trekta ya serikali imefika!"

Wanacheka, lakini hakuna anayeondoa macho angani.

Jua likishapanda kidogo, vumbi linainuka upande wa kaskazini. Syombua anasimama wima. Mkono unaingia kwenye kiondo, kikapu chake cha kusuka, unatoka na kidonge cha udongo. Vidonge hivyo huvifinyanga mwenyewe jioni na kuvianika. Hatumii mawe, kwa sababu jiwe huvunja suke na kesho hugonga jembe, lakini udongo hurudi kuwa udongo.

Vumbi linakaribia. Ni mbuzi. Dirie, mfanyabiashara wa mifugo, anawapeleka sokoni.

"Mama, habari ya asubuhi!"

"Dirie, ungenitumia habari kwanza. Nusura nikupasue kipaji cha uso."

Dirie hacheki. "Nimelala kule chini kwa mto. Ile miti ya miiba imejaa ndege mpaka matawi yanavunjika. Alfajiri wameingia shamba za ng'ambo ya mto. Hizo zikiisha..." Anaangalia mtama, kisha anawapigia mbuzi wake mluzi.

"Basi ni leo," Syombua anasema, na anakaa tena.

Saa sita mchana ndege hawali. Joto likiwa kali hujificha kwenye miiba, na hata anga hunyamaza. Ndipo Syombua hushuka, akakaa kwenye kivuli cha ulingo, akafunua sufuria ya muthokoi uliopoa, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe. Hapo pia ndipo anapozungumza.

Alisoma hadi darasa la pili tu, lakini akina mama wa kanisa lake wanamjua kwa kile wanachokiita, kwa kicheko, Injili ya ndege. Wakiwa kisimani humwomba awape kipande.

"Chukua hii mikebe," anaeleza. "Nikivuta kamba kutwa nzima, kufika jioni ndege anaikalia. Kwake imekuwa wimbo. Mimi huvuta kidogo, tena wakati hawanitarajii. Sasa wewe angalia maombi yako. Maneno yale yale, asubuhi na jioni, mpaka shetani anakuja kukaa juu yake anachana manyoya."

Lakini somo lake kubwa ni la ndege wa kwanza. Anasema kundi likiwa angani halina mkubwa. Linazunguka tu, kama moshi usiojua upepo uko wapi. Kisha mmoja anashuka. Akitua na kula, wote wanamiminika.

"Tamaa iko hivyo hivyo. Haiji kundi zima kubisha mlango. Inatuma mmoja, mdogo, unasema ah, ni ndege tu, acha ale suke moja. Ukimwacha huyo, wale elfu utawafanya nini?"

Anatafuna polepole. Halafu anasema jambo ambalo halisemi kisimani.

Februari ya 1983 Mumbua alikuwa amejifungua juzi tu, na Syombua alikuwa ameahidi kumlindia shamba. Jumapili hiyo Mzee Nzomo, mzee wa kanisa, alikuwa ametangaza kwamba kila mtu aje ibadani, wenye mashamba na wasio na mashamba, Mungu atalinda. Syombua alikaza mikebe, akaona upepo ni mwingi, akasema italia yenyewe. Akaenda.

"Mzee Nzomo alikuwa anasoma maneno yale ya ndege wasiopanda wala kuvuna. Nikasikia kitu juu ya paa la mabati. Si mvua. Ni kama shuka refu linapasuliwa, na halifiki mwisho. Watu wote tuliangalia juu. Kila mmoja alijua ni nini. Hakuna aliyesimama."

"Na mimi je?" anajiuliza.

"Nilishika benchi kwa mikono miwili. Nilijiambia, nikitoka watasema Syombua anapenda mtama kuliko Mungu."

Aliporudi, shamba la Mumbua lilikuwa mabua matupu. Mikebe ilikuwa bado inalia kwa upepo, na ndege wachache walikuwa wamekaa juu ya kamba.

"Hakunilaumu. Alichukua ungo, mtoto mgongoni, akaokota punje zilizoanguka chini, moja moja. Heri angenitukana."

Tangu siku hiyo Syombua hashuki ulingoni kwa ajili ya ibada, kuanzia mtama unapotia maziwa hadi unapovunwa. Kanisa lake lina kanuni: anayekosa Jumapili tatu bila ugonjwa hapokei Meza ya Bwana hadi asimame mbele ya wazee na kutubu. Aliambiwa atubu. Akakataa.

"Nitubu nini? Kwamba mtoto wa Mumbua amekula?"

Mwaka wa njaa hakukuwa na cha kulinda, kwa hiyo alihudhuria kila Jumapili, akiketi benchi la nyuma. Mkate ukampita. Kikombe kikampita. Mbele ya wazee hakusema neno.

"Mimi najua kusema za ndege," anasema na kufunika sufuria. "Zangu sijui kuzisema."

Kisha anapanda. Kivuli cha ulingo kimeanza kurefuka.

Saa kumi jioni ndege bado hawajaja, na hilo ndilo linalotisha. Mumbua ameacha mizaha. Hata njiwa hawalii. Ndipo mtu anapoonekana kwenye njia ya katikati ya mashamba: koti jeusi, kofia, Biblia ndani ya mfuko wa nailoni. Ni Mzee Nzomo mwenyewe. Anasimama chini ya ulingo, anafuta jasho.

"Mwaitu, shuka tuongee."

"Panda wewe, mzee. Mimi leo sishuki."

"Na magoti haya?"

"Basi ongea ukiwa hapo. Mtama hausengenyi."

Mzee anakohoa. "Kesho ni Meza ya Bwana. Wazee tulikaa jana. Usipokuja kesho ukasimama mbele, jina lako linatolewa kwenye kitabu cha kanisa."

Macho ya Syombua yako kaskazini.

"Usidhani ninafurahi," anaendelea Nzomo, na sauti yake inashuka. "Kabla ya njaa, benchi zilikuwa zimejaa. Mmoja akakosa kwa sababu nzuri. Wa pili kwa sababu ndogo. Wa tatu hakuwa hata na sababu. Nikabaki nahubiria mbuzi waliokuja kutafuta kivuli. Wewe ndiye unafundisha akina mama habari ya ndege wa kwanza, si ndiyo? Basi acha nikuambie. Ndege wa kwanza ni wewe."

Kombeo linaning'inia mkononi mwa Syombua, halitikisiki. 

"Mwaitu!" Ni Mumbua, na sauti imepasuka. "Kaskazini! Na si mbuzi!"

Juu ya miti ya miiba kuna moshi. Unapanda, unainama, unajikunja, unakuja. Sauti inafika kabla yao, ile ya shuka linalopasuliwa.

"Panda!" Syombua anamwambia mzee.

"Mimi?"

"Panda, Nzomo!"

Mzee anapanda, magoti na yote. Fito zinalia. Syombua anamtia kamba mbili mikononi. "Ya kulia ni ya kisima, ya kushoto ni ya barabara. Vuta nikisema. Usivute kabla."

Mzee anavuta kabla.

"Si sasa! Aiya, mzee, si sasa!"

Kundi linazunguka juu ya mashamba manne na kuziba jua. Kofia ya mzee imeanguka chini. Ng'ambo ya kijito Mumbua anapiga debe na kulia kwa sauti moja ndefu. Syombua hapigi kitu. Amesimama tu, kidonge kikiwa kwenye kombeo, midomo ikitembea.

Kisha mmoja anashuka. Ni mdogo, mdomo mwekundu, peke yake, moja kwa moja kwenye mtama wa katikati.

Kombeo linazunguka mara moja. Kidonge kinapita upande wa chini wa ndege, karibu kiguse bawa.

"Vuta!"

Mzee anavuta kamba zote mbili kwa uzito wake wote. Mikebe inalipuka pembe hadi pembe. Ndege yule anageuka hewani, na kundi zima linageuka naye, kama kitambaa kinachokung'utwa.

Wanarudi. Wanarudi tena. Mara ya tatu wanatua pembe ya mashariki, na kabla kamba haijavutwa mtama wa pale umeinama wote. Syombua anatupa hadi kiondo kinabaki na vumbi tu. Mzee anavuta hadi viganja vinachubuka, akipaza sauti ambayo kanisani haijasikika. Hatimaye jua linagusa miti, na moshi ule unainuka, unaelekea mtoni kulala.

Pembe ya mashariki imeliwa, upana wa nyumba moja. Mtama uliobaki umesimama.

Mzee Nzomo ameketi kwenye fito, koti limejaa udongo, pumzi zinakuja kwa shida. "Kwa hiyo leo mimi ndiye nimefanya kazi," anasema, "na wewe ukipiga kelele."

"Umevuta kabla ya wakati mara nne."

"Mara tatu."

Syombua anaketi kando yake. Anamwangalia kwa mara ya kwanza jioni hii. "Umeona yule wa kwanza? Sikumpiga. Sijawahi kumlenga nimuue. Ukimuua anaanguka, wenzake wanatua pale pale. Nampitishia karibu, ageuke, wageuke naye. Wewe, mzee, mimi ulinilenga kichwani."

Nzomo anaangalia viganja vyake.

"Siku ile ya paa," anasema polepole, "niliwasikia. Niliendelea kusoma."

"Najua. Ulisoma mstari mmoja mara mbili."

Kutoka ng'ambo Mumbua anaita kwamba kesho watarudi, alfajiri, wakiwa na njaa zaidi. Hakuna anayebisha. Mtama huu unahitaji siku nyingine nane au tisa kuwa mgumu.

Mzee anakunja kamba juu ya goti lake, kwa uangalifu, kama mtu anayekunja nguo ya mwenzake. "Miaka miwili nasikia habari zako za ndege tu," anasema. "Ndege hivi, ndege vile. Nimechoka na ndege, mwaitu. Wewe Syombua, wewe mwenyewe, unataka nini?"

Syombua anashika ukingo wa ulingo kwa mikono miwili, kama mtu aliyeshika benchi. Anasema kitu, kwa sauti ndogo sana.

"Mwaitu! Mnasema nini huko?" Mumbua anapiga kelele. "Sisikii!"

Basi Syombua anasimama. Anaweka mkono kando ya mdomo, jinsi anavyofanya ndege wakija, na sauti yake inapita juu ya mashamba yote manne.

"Nimesema kesho saa sita, ndege wakiwa kwenye miiba, walete Meza ya Bwana hapa chini ya ulingo! Watu wote waje! Nimelinda wengine wale, miaka yote! Na mimi nataka kula!"